Kumkopesha Mjomba

Wenzangu, mwalimu wetu wa hesabu alipotufundisha habari za riba, alitupa mifano ya benki na ya wafanyabiashara. Mifano hiyo ni mizuri, lakini bado sijamwona mwanafunzi wa Kidato cha Sita aliyekopeshwa na benki. Sisi hukopeshana na jamaa zetu, na rafiki zetu wa bwenini, na hesabu ya mikopo hiyo haimo kitabuni. Kwa hiyo nataka kuandika somo hili kwa kutumia deni moja ninalolijua vizuri, maana fedha ilitoka mfukoni mwangu. Kusema kweli, ilitoka mfukoni mwa mama.

Kwetu ni kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Uganda, juu ya mji wa Mbale. Sisi Wagisu twalima kahawa ya arabika, na mtu wa kahawa hupata fedha kwa majira. Mavuno makubwa huanza mnamo Septemba au Oktoba, yakaendelea hata mwanzo wa mwaka. Kabla ya hapo miti ina matunda mabichi na nyumba haina shilingi. Hiyo ndiyo miezi ambayo wengine huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kusikitisha, na wengine hubisha hodi kwa jamaa. Tena kila baada ya miaka miwili, kama vile 2022 na 2024, tuna imbalu, yaani tohara ya vijana mbele ya watu wote. Sherehe zake hufunguliwa mwezi wa Agosti pale Mutoto, karibu na Mbale. Basi fikirini: gharama kubwa kuliko zote huja wakati ule ule ambapo fedha imekwisha.

Mwaka 2024 nilikuwa Kidato cha Tano. Katika likizo kabla ya muhula wa tatu mama alikwenda kumwuguza bibi, akaniachia shilingi 300,000 za karo nizitunze. Siku ya pili akaja mjomba, kaka yake mama. Mwanawe alikuwa anaingia imbalu. Tulisema kwa Lugisu, lakini maneno yake yalikuwa na maana hii: "Mpwa wangu, wageni ni wengi na ulezi wa pombe haukutosha. Nisaidie shilingi 120,000. Kahawa ikiiva tutaonana."

Nani kwetu awezaye kumnyima mjomba? Nilipotahiriwa mimi, yeye ndiye aliyenipa mbuzi. Nikazihesabu, nikampa kwa mikono miwili, na nikajiona mtu mzima.

Shule ilipofunguliwa, mjomba hakutokea. Nilikwenda na shilingi 180,000, na wiki ya pili nikarudishwa nyumbani kuleta iliyobaki. Nilikaa nyumbani siku tisa, wenzangu wakiwa katika sura ngumu kabisa ya fizikia, ambayo hata leo naijua nusu tu. Mama hakunigombeza. Alitupeleka, mimi na mjomba, chini ya mwembe wa babu, akaniuliza mimi kwanza: "Ulimpa au ulimkopesha?"

Nikanyamaza. Moyoni nilijua nimemkopesha, lakini mdomo wangu haukupata kutamka neno hilo. Ndipo mjomba akasema kwa mshangao, na naamini alisema kweli: "Dada, mimi nilidhani kijana amechangia imbalu ya ndugu yake. Wote walichangia."

Wenzangu, hapa ndipo penye somo lenyewe. Fedha ile ilikuwa moja, lakini ilikuwa na majina mawili. Kwangu ilikuwa deni. Kwake ilikuwa mchango. Hakuna aliyekuwa mwizi wala mwongo. Angalieni maneno tuliyotumia: "nisaidie" na "tutaonana". Msaada hauna tarehe, na kuonana si kulipa. Kiswahili chetu kinaweza kutufaa hapa kama tukikitumia vema. Mtu huazima jembe, akarudisha jembe lile lile. Hukopa fedha, akarudisha fedha nyingine ya thamani ile. Husaidiwa, naye akarudisha shukrani. Mtu akija mlangoni na neno moja katika hayo, yafaa tumwulize kwa heshima ni lipi, kabla fedha haijatoka. Baada ya hapo ni kuchelewa.

Sasa hesabu. Mama yumo katika kikundi cha akiba cha wanawake. Kikundi chao ni cha namna ile iliyoanzishwa nchini Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, nayo imeenea katika nchi nyingi za Afrika. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zake huwekwa na watu watatu, na anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mama alikopa humo shilingi 120,000 ili nirudi shuleni. Kikundi chao hutoza 5 kwa mia kwa mwezi, yaani shilingi 6,000. Alilipa baada ya miezi mitatu, kwa hiyo riba ilikuwa shilingi 18,000, akauza maharagwe kuipata. Basi mkopo wangu kwa mjomba haukuwa na riba kwake, lakini riba ilikuwapo. Ililipwa na mtu ambaye hata hakuwapo siku ile. Sikuwa nimelifikiri jambo hili kabla sijaliona katika daftari la mama. Tena mama alikuwa na bahati ya kuwa na sanduku. Kule ng'ambo ya mpaka, Kenya, mikopo ya simu iitwayo M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza 7.5 kwa mia kwa siku 30. Kwa kiwango hicho, shilingi 120,000 kwa miezi mitatu zingedai 27,000.

Wako wanaoshauri mtu asimkopeshe ndugu kabisa. Labda shauri hilo lawafaa wenye bima na mshahara wa kila mwezi. Kwetu mlimani sidhani. Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, katika Bududa, ukafunika nyumba na mamia ya watu. Baadhi ya waliobaki walipokelewa na jamaa, na hao jamaa hawakuuliza dhamana. Tukifunga mlango huo kwa sababu ya shilingi 120,000, tutabisha wapi siku ya kwetu?

Kosa langu, kama nilivyoliona baadaye, halikuwa kumkopesha ndugu. Nilitoa fedha iliyokuwa na kazi yake tayari, na fedha ya karo si yangu hata ikikaa mfukoni mwangu. Siku ile nilikuwa na shilingi 25,000 za jasho langu, nilizozipata kwa kupalilia shamba la jirani. Ningeweza kusema, "Mjomba, hii 300,000 ni karo, siwezi kuigusa, lakini pokea hizi 20,000 ziwe mchango wangu." Sidhani kama angekasirika. Na kama angekasirika, hasira ile ingekwisha kabla ya pombe.

La kuandika ndilo gumu zaidi. Wengi wetu twaona haya kumwandikia mtu mzima, kana kwamba kalamu yamwita mdanganyifu. Nilimweleza habari hizi mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa mjini Mbale, naye akacheka. Akaniambia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yaani aya ya 282 ya sura ya pili, ni aya ya deni, na yaagiza deni liandikwe pamoja na muda wake, liwe dogo au kubwa. Serikali nayo haikulidharau jambo hili: Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 yataka mkataba wenye thamani ipitayo shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Na Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi wa Bangladesh, alipokopesha watu wa kijiji cha Jobra mwaka 1976, fedha yote ilikuwa dola 27 tu kwa watu 42, lakini ilitanguliwa na orodha ya majina. Kutoka katika kazi ile ilizaliwa Benki ya Grameen mwaka 1983. Kama dola 27 ziliandikwa, kwa nini mimi nione haya?

Bwenini nimekwisha kuanza. Sukari, sabuni na nauli, zote zaingia katika daftari langu, na aliyekopa huweka sahihi. Mwanzo walinicheka wakaniita "Benki Kuu". Sasa wao ndio wanaokuja kuuliza wanadaiwa kiasi gani na wenzao, kama kwamba mimi nimeajiriwa.

Mjomba alilipa. Chini ya mwembe ule mama aliandika karatasi, na mjomba akasema tarehe mwenyewe, maana yeye ndiye ajuaye kahawa yake. Alileta shilingi 50,000 mwezi wa Novemba, na 70,000 siku tatu kabla ya Krismasi, pamoja na jogoo kwa ajili ya mama. Ile 18,000 hakuiuliza wala mama hakuitaja.

Likizo iliyopita alikuja tena. Alihitaji shilingi 50,000 za dawa ya miti ya kahawa. Kabla hajaketi akasema, "Mpwa wangu, nimekuja kukopa. Lile daftari liko wapi?" Nilikuwa na 30,000 tu zisizo na kazi, nikamwambia hivyo. Akapokea 20,000 kwa sahihi, na 10,000 nikamwambia ni zawadi. Akaniamuru niandike na hiyo zawadi, ili baadaye pasiwe na maneno.