Kiluwiluwi, Buu na Funza: Utambuzi wa Wadudu Wachanga wa Mashimo ya Miti Huko Tongaren

Utangulizi

Tongaren, kaskazini mwa Kaunti ya Bungoma na jirani ya Kitale, ni nchi ya mahindi. Mvua ndefu zinapoanza, maji hayatuami mitaroni tu, bali pia katika mashimo ya miti mikongwe iliyoachwa mipakani mwa mashamba. Achunguliaye humo huona vijidudu vikijipindapinda, na ni rahisi kuvijumuisha vyote katika neno moja: funza. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba neno hilo halitoshi, na kwamba kasoro hii ya istilahi inagusa afya ya watu.

Tatizo la istilahi

Kisayansi, nzi, mbu na usubi ni wa oda moja iitwayo Diptera, yaani wadudu wenye mabawa mawili. Katika Kiswahili cha kila siku, hata hivyo, mbu si nzi, na hakuna jina moja linalowakusanya wote. Utata huzidi tunapofikia wachanga wao. Kiluwiluwi ni mtoto wa mbu na pia ni mtoto wa chura. Funza ni mdudu wa nyama iliyooza, na pia ni yule aingiaye katika vidole vya miguu, ambaye si nzi kamwe bali ni jamaa ya kiroboto.

Inafaa basi kugawa kazi. Lava liwe neno la jumla. Kiluwiluwi wa mbu atajwe kwa jina hilo kamili. Buu awe lava asiye na kichwa kinachoonekana wazi. Funza aachiwe vidole vya miguu.

Hatua za utambuzi

Maji ya shimo huchotwa kwa kijiko kirefu au kufyonzwa kwa mpira, kisha humiminwa katika bakuli jeupe. Maswali yafuatayo huulizwa kwa utaratibu.

(a) Je, ana miguu sita yenye viungo? Akiwa nayo, si wa oda ya nzi. Huenda ni lava wa mbawakavu. Lava wa Diptera hawana miguu ya namna hiyo.

(b) Je, ana kichwa dhahiri na kifua kipana kuliko tumbo? Huyo ni kiluwiluwi wa mbu. Akining'inia kichwa chini, huku bomba la kupumulia likigusa uso wa maji, huenda ni wa jenasi ya Aedes au Culex. Akilala sambamba na uso wa maji bila bomba, ni Anopheles. Akiwa mkubwa, mwekundu wa kukoza, na akikamata wenzake na kuwala, ni Toxorhynchites.

(c) Je, ni mwembamba kama uzi na huogelea kama nyoka? Huenda huyo ni lava wa usubi. Lava mwekundu mwenye vijiguu vifupi visivyo na viungo, mbele na nyuma, ni wa jamii ya visubi wasiouma. Wekundu wake hutokana na hemoglobini.

(d) Je, ana mkia mrefu kama wa panya, wala kichwa hakionekani? Huyo ni buu wa nzi wa maua, na mkia huo ndio bomba lake la kupumulia.

Pupa wa mbu hutambulika kwa umbo la alama ya mkato. Akiwekwa katika chupa iliyofunikwa kwa chandarua, hugeuka mbu kamili baada ya siku chache, na hapo utambuzi huthibitishwa.

Umuhimu wa utambuzi

Mwaka 1948, virusi vya Zika vilipatikana katika mbu Aedes africanus kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, baada ya kugunduliwa katika nyani mwaka 1947. Mbu huyo huzaliana katika mashimo ya miti, na pia hueneza homa ya manjano miongoni mwa nyani. Kenya ilikumbwa na homa hiyo katika Bonde la Kerio mwaka 1992 hadi 1993, na tena Isiolo mwaka 2022.

Asemaye "ni funza tu" huenda akaliacha shimo lenye Aedes, au akamwaga dawa na kumwua Toxorhynchites, ambaye hula viluwiluwi na akikua hafyonzi damu. Kuyamwaga maji pekee hakutoshi pia, kwa kuwa mayai ya Aedes hugandama kwenye kuta za shimo, hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, na huanguliwa mvua irudipo. Shimo lililo karibu na nyumba hujazwa udongo au mchanga.

Hitimisho

Istilahi si pambo la kamusi. Ofisa wa afya anapomwonya mkulima wa Tongaren, onyo hufika tu ikiwa wote wawili wanaliita jambo kwa jina moja. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kukusanya majina ya wadudu hawa katika Lubukusu na lugha jirani, na kuyapima kama yanaweza kuziba mapengo yaliyomo katika Kiswahili. Asiyejua jina la adui wake atamwogopa asiyedhuru, na kumfuga adhuruye.