Mdogo Wangu, Kabla Hujailipia Hiyo Mark X

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma hadi mwisho, na wengine mlioniandikia kuhusu magari ya aina hii nawajibu humu humu. Kazi yako imetulia, akiba umeijenga kwa subira, na moyo umeshatua kwenye Mark X nyeusi uliyoiona yadi. Unataka kujua kama sifa zake ni za kweli, au hela hiyo uipeleke kwenye BMW 320i inayouzwa karibu bei ileile. Nitakujibu kama ningemjibu wa tumbo moja nami.

Sifa ni za kweli. Mark X ilitoka Japani Novemba 2004 kurithi nafasi ya Mark II, ikaja na umbo jipya Oktoba 2009, na Toyota ikaacha kuiunda Desemba 2019. Ni gari la mtu anayependa kuendesha: injini ya V6, gia otomatiki, na kwa nyingi kati yao, nguvu inayokwenda magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa yale ya mbele hayana kazi ya kuvuta, usukani unabaki msikivu, na kona unaikata bila gari kukusumbua mkononi. Ukiwa njia ya Chalinze kwenda Segera na lori limekukalia mbele, ukipata nafasi unakanyaga, gia inashuka, unalipita na kurudi upande wako mapema. Kadiri unavyokaa muda mfupi upande usio wako ndivyo unavyokuwa salama, na hapo ndipo ninapoiheshimu nguvu ya injini.

Nguvu kiasi gani sasa? Hizi za kuanzia 2009 zina injini za aina mbili. Ya cc 2500 inatoa nguvu za farasi 203, ya cc 3500 inatoa 318. Wengi wenu mnaniulizia hiyo ya 318. Mimi nasema chukua ya 203 na wala usione umepunjwa. Kwenye makazi ya watu mwisho ni spidi 50, tochi ikikunasa ni elfu 30 kila mara, na asubuhi kutoka Mbezi kwenda mjini hata hiyo 50 huioni. Ile ya kizazi cha kwanza, cc 2500 hiyo hiyo, ilikuwa na farasi 215 lakini ilitaka petroli ya daraja la juu. Toyota wakaishusha hadi 203 ili ikubali petroli ya kawaida. Hao farasi 12 hutawakumbuka hata siku moja. Kwenye foleni ya Dar, hata hii ya cc 2500 usiitegemee izidi kilomita 7 au 8 kwa lita, kwa hiyo piga hesabu ya mafuta ya mwezi mzima sasa, ukiwa bado umekaa na simu mkononi.

Kitu kimoja nakiomba kwa msisitizo, nacho ni matairi. Gari linalosukumwa kwa nyuma, likiwa na matairi yaliyochoka, mvua ya kwanza ya masika ikachanganyika na oili iliyotapakaa kwenye lami, mkia unaweza kuhama kabla hujajua kimetokea nini. Mfumo wa kudhibiti mtelezo unasaidia, lakini nao unategemea mpira unaogusa barabara. Baadhi ya magari ya mtumba yanashuka bandarini na matairi ya msimu wa theluji wa Japani. Utayajua: mpira wake ni laini, una mikato midogo midogo mingi, na ubavuni pameandikwa STUDLESS. Kwenye joto letu yanaisha haraka, na lami ikiwa na maji hayashiki inavyotakiwa. Ukishainama hapo, tafuta pia tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa limezeeka, bei ya matairi manne mapya iingie kwenye hesabu kabla hujataja bei yako.

Na hapo hapo ubavuni ndipo utakapousoma ulaini wa safari. Mark X za kawaida huvaa 215/60R16, zile zilizopambwa kimichezo huvaa 235/45R18. Namba ya katikati ni asilimia ya upana inayokuwa urefu wa ubavu wa tairi. Chukua 215, asilimia 60 yake ni milimita 129. Chukua 235, asilimia 45 yake haifiki milimita 106. Umepoteza milimita 23 za mpira na hewa, ambazo ndizo zilizokuwa zikulinde na shimo la barabara ya mtaani kwako. Rimu ya 18 inapendeza, sikatai, lakini kila rasta utaihisi kiunoni, na shimo moja la usiku linaweza kupinda rimu. Ungekuwa mdogo wangu wa damu, ningekusimamia uchukue ya inchi 16.

Muuzaji atakupitisha kwenye lami nzuri, redio ikiimba. Izime. Funga vioo, tafuta rasta, zipite taratibu kwa spidi 30, kisha panda tuta gurudumu moja moja kwa mshazari. Gari zima hukupa mlio mmoja mzito na kutulia. Ukisikia kitu kinagonga kogo-kogo chini ya miguu yako, hizo ni bushi, au shokapu imekufa, na Mark X yenye shokapu zilizokufa inapoteza utamu wote niliousifu juu. Halafu mpe mtu usukani, wewe kaa nyuma. Katikati ya sakafu kuna mwinuko unaopitisha shafti, kwa hiyo abiria wa kati anakaa amepanua miguu. Watu wanne wanastarehe, wa tano anavumilia. Kama kila Jumapili unawabeba mama na wanao wawili, jaribu kupanga familia humo kichwani kwanza. Redio ya Kijapani nayo mara nyingi inaishia masafa ya FM ya 90, wakati redio zetu nyingi ziko juu ya hapo, ila hilo fundi redio analimaliza kwa kifaa kidogo.

Sasa tuje kwenye thamani, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Injini ya cc 2500 inaitwa 4GR-FSE, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Lexus IS250 na Crown Athlete kadhaa. Ni imara, ila inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha, na miaka inavyokwenda masizi yanaganda pale. Dalili zake: injini inatetemeka ikiwa imesimama, inakuwa nzito kuitika, taa ya injini inawaka. Dawa ni fundi kufungua na kusafisha vali, na fundi wa kuifanya kazi hiyo vizuri humpati kila kona. Ile ya cc 3500 ina injekta za ndani na za nje, kwa hiyo vali zake zinaoshwa, na hiyo ni hoja nzuri kwa anayeitaka. Lakini hesabu ya mafuta iko palepale.

Kwa hiyo nenda mapema, injini ikiwa baridi, na uombe isiwashwe kabla hujafika. Iwashe mwenyewe, simama nyuma utazame moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Iache iungurume mpaka ipate moto, weka kiganja kwenye usukani: mtetemo usiokoma ni swali unalotakiwa kuliuliza. Chomoa kijiti cha oili, kiangalie. Fundi wako achomeke mashine ya kupimia asome makosa yaliyohifadhiwa, maana taa inaweza kufutwa nusu saa kabla hujafika.

BMW 320i ya kizazi cha E90, iliyoanza 2005, nayo niiseme kwa haki. Kwa usukani na breki inaishinda Mark X, na uzito wake umegawanywa karibu sawasawa mbele na nyuma, jambo unalolihisi kwenye kona ya kwanza. Lakini injini yake ya silinda nne, umri ukienda, ina tabia ya kuvujisha oili na kuila kupitia sili za vali. Betri ukibadilisha, inabidi mashine iitambulishe kwa kompyuta ya gari. Nyingi zilitoka kiwandani na matairi yanayotembea hata yakipasuka, na kwa sababu hiyo hazikuwekewa tairi la akiba. Waza hilo ukiwa kati ya Morogoro na Dodoma saa nne usiku. Kama huna fundi anayezijua BMW kwa jina na kwa mikono, na hela ya kumlipa, iache. Spea za Mark X utazipata Gerezani au Ilala asubuhi hiyo hiyo, na mafundi wanaoijua ni wengi.

Kwa mnaotaka kuagiza wenyewe hapa Tanzania: cc 2500 iko juu ya mstari wa cc 2000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 10 badala ya 5, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Gari lililofikisha miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka mwaka na modeli, uone jumla kabla hujatuma hata dola moja. Mdai muuzaji karatasi ya mnada. Ukikuta alama ya R au RA, gari limewahi kugongwa likatengenezwa. Wasomaji wa Kenya, sheria yenu hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na kwa kuwa uundaji uliisha 2019, muda si mrefu mtabaki kuuziana zilizomo nchini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama hiyo nyeusi ni ya cc 2500 na imepita vipimo hivi, inunue, mradi baada ya kulipa ubakiwe na hela ya matairi, shokapu na huduma ya kwanza kamili. Kama kuinunua kutakukausha hadi shilingi ya mwisho, subiri miezi michache ukijazia.

Siku ya kulijaribu nenda na fundi wako, na ukae wewe kwenye usukani. Wauzaji wakianza kuongea naye wakikuruka, uliza maswali yako mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa sauti. Hela ni yako. Wakikataa gari lisitoke yadi kwenda kupimwa gereji unayoiamini, waage vizuri uondoke. Mark X nyeusi Dar ziko nyingi.