Hodi ya Serikali

Katika kijiji cha Sapiwi, Bariadi, mgeni haingii nyumbani mwa mwenziwe asipopiga hodi na kuitikiwa karibu. Aingiaye kimyakimya hudhaniwa kuwa mwivi. Je, Serikali nayo yapasa kupiga hodi?

Naam, yapasa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania humpa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa, yeye na jamaa zake, maskani yake na mawasiliano yake. Haki hiyo iliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Lakini nyumba si pango la kufichia mali ya wizi. Kwa hiyo Katiba hiyo hiyo huruhusu sheria kueleza ni lini na kwa namna gani nyumba ya mtu yaweza kupekuliwa.

Chukua mfano. Magunia ya pamba yameibwa usiku, na watu wanamshuku jirani mmoja. Majirani hawana ruhusa ya kuvunja mlango wake, hata wakiwa wengi na wenye hasira. Kazi hiyo ni ya polisi. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, mkuu wa kituo mwenye sababu ya kutosha aweza kupekua mwenyewe, au kumpa askari wake idhini ya maandishi. Hakimu naye aweza kutoa hati, nayo hutumika tangu macheo hata machweo, ila mahakama ikiruhusu saa nyingine. Jambo likiwa zito na la haraka sana, polisi waweza kupekua bila hati. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenziwe, kwa staha.

Kitu cho chote kikichukuliwa, lazima stakabadhi itolewe, nayo itiwe sahihi na mwenye nyumba na mashahidi waliopo. Faida yake ni kubwa. Askari hawezi kudai kwamba aliona gunia ambalo halikuwamo, wala mwenye nyumba hawezi kumsingizia askari kwamba amemwibia fedha. Basi sheria hii humlinda asiye na hatia, nayo humlinda askari mwaminifu.

Askari akija, mwenye nyumba asikimbie wala asipigane naye. Na aulize kwa adabu, "Hati iko wapi?" Kuuliza hivyo si ukaidi.

Maswali

1. Kwa nini majirani hawana ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu wanayemshuku?
2. Stakabadhi humlinda nani, na kwa namna gani?
3. Ni lini polisi waweza kupekua bila hati?