TUJIFUNZE KUFUNGA NZI WA TRAUTI: UNYOYA LAINI, MKONO MWEPESI

Ndugu wasomaji, kikundi kimoja cha akina mama na vijana ninachokitembelea kilipata oda ya kwanza ya nzi bandia wa kuvulia trauti, dazeni ishirini. Walifanya kazi wiki mbili, hata usiku kwa taa. Mnunuzi akarudisha karibu zote. Kisa? Manyoya yalijazana mno, na uzi uliziba tundu la ndoana, mvuvi hawezi kupitisha mshipi wake. Malipo hakuna, na ndoana zimeshatumika. Basi tukakaa chini tukaanza upya. Somo hilo ndilo ninalowaletea.

KWANZA TUMJUE MDUDU

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Waliletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, wakatiwa katika mito baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya, kama vile Gura. Hula sana wadudu wa majini, na mmoja wao ni meiflai. Akiwa mtoto, yaani tunutu, meiflai huishi mtoni kwa miezi mingi. Geuza jiwe utamwona: miguu sita, na mikia mitatu au miwili. Akikomaa hupanda juu ya maji, hutoa mabawa na kuruka. Baada ya hapo ni saa au siku chache tu. Hutaga mayai na kufa, bila hata kula.

Anapopanda hana pa kujificha, na trauti anamsubiri. Nzi wetu anaigiza wakati huo. Unyoya laini hucheza majini kama miguu ya mdudu hai. Ukiwa mgumu au mwingi, hauchezi. Wavuvi wa kaskazini mwa Uingereza walijua jambo hili zamani, na mwaka 1975 Mmarekani Sylvester Nemes alitoa kitabu kizima juu ya nzi wa namna hii.

VIFAA

Jiliwa ndogo (vaisi), mkasi mkali, sindano, ndoana namba 14, uzi mwembamba wa kahawia, waya mwembamba wa shaba, vanishi. Vingine viko nyumbani: manyoya ya sungura, na unyoya wa shingo ya mtetea. Usitumie wa jogoo, huo ni mgumu. Usiue ndege wa porini kwa ajili ya kazi hii. Osha manyoya kwa sabuni, uyaanike kivulini mpaka yakauke kabisa, la sivyo yataingia wadudu.

HATUA KWA HATUA

1. Bana ndoana kwenye jiliwa. Anza kuzungusha uzi nyuma kidogo ya tundu, ukiacha nafasi wazi ya kama milimita mbili. Nafasi hiyo usiiguse mpaka mwisho.

2. Peleka uzi hadi ndoana inapoanza kupinda. Funga nyuzi tatu au nne za unyoya ziwe mkia, urefu nusu ya mwili. Hapo hapo funga na waya.

3. Sokota manyoya machache ya sungura kwenye uzi. Zungusha kuja mbele, mwili uwe mwembamba nyuma. Ishia theluthi mbili ya ndoana.

4. Zungusha waya mara nne au tano kwa kinyume, uufunge, ukate.

5. Ongeza manyoya ya sungura kidogo, yafanye kifua kinene.

6. Chagua unyoya ambao nyuzi zake zinafika karibu na ncha ya ndoana. Ondoa manyoya mepesi ya chini. Ufunge kwa upande wa ncha yake, uzungushe mara mbili tu. Mbili, si nne!

7. Lainisha nyuzi zielekee nyuma, funga kichwa kidogo kwa fundo la kumalizia, tia tone la vanishi. Safisha tundu kwa sindano kabla haijakauka.

KUMBUKENI

Kosa kubwa la fundi mgeni ni ukarimu: anaongeza unyoya ili nzi apendeze. Lakini trauti hanunui urembo. Pia dazeni ni lazima ifanane. Wekeni nzi kumi na wawili mstari mmoja. Aliye tofauti atolewe na ninyi wenyewe, si na mnunuzi.

Kile kikundi sasa kina mama mmoja ambaye kazi yake ni kukagua tu. Mwanzoni walimnung'unikia. Oda iliyofuata haikurudi hata nzi mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, nani kati yetu anaweza kukagua kazi bila upendeleo, na tutamlipaje?

2. Tukijumlisha ndoana, uzi na saa zetu, dazeni moja inatugharimu shilingi ngapi kabla hatujakubali bei ya mnunuzi?

3. Mto wetu ukichafuka, tunutu watabaki? Na trauti je?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.