Shata Ikikaa Wazi: Mafunzo Niliyopata Ufukweni Mwa Mweru

Ukitoka Lubumbashi, barabara inagawanyika Kasomeno: mkono wa kuume unakupeleka Kasenga, kwenye mto Luapula, ukinyoosha unafika Kilwa na Pweto, kwenye ziwa Mweru. Bahari hatuna, lakini ziwa lenye urefu unaozidi kilometa 100 halikosi mawimbi wala upepo.

1. Kwanza tafuta kisichotikisika. Shata ya kamera ikikaa wazi sekunde 20, maji hugeuka kama moshi, na mtumbwi uliofungwa kwa kamba hutoka na vichwa viwili kwa kuyumbayumba. Kinachosimama ndicho kinachobeba picha: jiwe, nguzo ya gati, mtumbwi uliovutwa mchangani. Mpiga picha Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika kazi yake ya Mémoire, aliwasimamisha wafanyakazi wa enzi za ukoloni juu ya magofu ya migodi ya leo. Jicho halina pa kukimbilia. Ufukweni nataka hivyo hivyo: kitu kimoja, na maji yafute vurugu iliyobaki.

2. Hesabu ni fupi. Filta nyeusi ya stopu 10 hupunguza mwanga karibu mara 1,000, kwa hiyo picha ya sekunde 1/60 itataka sekunde 17 hivi. Panga picha na uifunge fokasi kabla ya kuvisha filta, maana baadaye huoni kitu. Tripodi ikizama mchangani, ikandamize hadi igome.

3. Si lazima shata ikae wazi sana. Hili ndilo limenifaa kuliko yote. Kwa nusu sekunde, wimbi linaporudi ziwani huacha michirizi ya povu mchangani, na michirizi hiyo humwongoza mtazamaji hadi kwenye jiwe. Bonyeza linapoanza kurudi. Likiwa linakuja, utapata povu tupu. Kwa sekunde 30 michirizi yote imekwisha, yamebaki maji laini. Ulaini huo watu wanaupenda mno, nami naona picha nyingi za namna hiyo hazina uti wa mgongo.

4. Mawingu nayo yana njia. Mvua zinapokaribia, mwezi wa Oktoba, simama yakujie usoni: yatatanuka kutoka upeo wa macho hadi juu ya kichwa chako. Yakipita kwa ubavu yanamtoa mtazamaji nje ya picha.

5. Usiku, fuata wavuvi wa chisense, samaki wadogo wa ziwa hili. Hutoka na taa giza likiwa zito, kwa kuwa mbalamwezi huzishinda taa zao. Mtumbwi unayumba, na taa huchora fundo la mwanga. Ukiacha shata wazi muda mrefu, mafundo yanagusana na huwezi tena kuhesabu mitumbwi. Fungua lenzi hadi mwisho, pandisha ISO hadi 1600, anza na sekunde 4. Taa tatu zilizoachana vizuri zinatosha. Asubuhi samaki wanaanikwa papo hapo ufukweni, kwa hiyo uliza kwanza pa kusimamisha tripodi.