Pai ya maembe kwa chai ya saa nne

Shangazi aliitazama ile pai, akaigusa pembeni kwa ncha ya kisu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii nayo inaliwa na mboga gani?"

Tulikuwa Butiama, Jumapili ya Januari, watu wametoka misa ya kwanza. Mezani palikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, chupa mbili za chai ya maziwa, na katikati pai yangu ya maembe na kastadi, niliyoipakata tangu Musoma kama mtoto mgonjwa.

Swali lake lilikuwa halali. Kwetu kitu kipya kikifika mezani lazima kijieleze: wewe ni kitafunwa au ni chakula? Mimi nasema pai hii ni kitafunwa cha chai ya saa nne, ile chai ya siku ya mapumziko iliyochelewa kuitwa ya asubuhi na kuwahi kuitwa cha mchana. Mahotelini wana jina la kigeni kwa mlo huo na bei yake inalingana na jina. Sisi tunao tangu zamani, ila tumeviachia viazi kazi yote.

Ndugu wa pai hii wametapakaa duniani. Wareno wana pastel de nata, vijipai vya kastadi vinavyotoka tanurini vikiwa na madoa meusi juu. Wafaransa wa Limousin humimina rojo la mayai, maziwa na unga juu ya cheri, wakaoka, wakaita clafoutis, na wenye msimamo mkali hawatoi hata kokwa. Nilianza na mapishi ya hao Wafaransa. Cheri sijawahi kuziona soko lolote la Musoma, na oveni sina. Kwenye mapishi yale nikabakiwa na mayai, maziwa na ubishi wangu.

Tuanze na moto, maana hapo ndipo pai nyingi zinapofia. Chukua sufuria kubwa zito, tandika ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga panga vijiwe vitatu bapa, na bati la pai likae juu ya vijiwe hivyo, lisiguse mchanga. Mfuniko uwe bapa, usio na kishikio cha plastiki, kwa sababu juu yake yatakaa makaa. Liweke sufuria jikoni dakika 15 likiwa tupu ili mchanga ushike joto. Kipimajoto changu ni kijiko cha unga wa ngano: nautawanya kwenye kifuniko cha bati, nauweka ndani, nafunika, nahesabu dakika 5. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, tuendelee. Ukiwa mweusi, punguza makaa. Ukibaki mweupe, pepea.

Habari ya kupepea, sisi wa Musoma hatuhitaji kuifundishwa. Ninakaa Mwisenge, mtaa wenye shule ya msingi aliyoanzia Mwalimu Nyerere mwaka 1934, na mchana upepo wa ziwa unaingia hadi uani. Jua likishaipasha nchi kavu kuliko maji, hewa ya ziwani inakuja juu, na jiko la mkaa lililo nje linapepewa bila kuomba. Nimewahi kuoka saa tisa alasiri. Upande unaotazama ziwa uliungua hadi ukanuka, upande wa pili bado ulikuwa uji. Tangu siku hiyo naoka alfajiri, nyuma ya ukuta, na kila dakika 10 naligeuza sufuria zima robo mzunguko bila kulifunua. Mama jirani huchungulia akadhani nachoma mahindi.

Kosa la pili lilinigharimu mayai 4 na heshima. Nilipata nanasi tamu, nikalikata vipande vibichi, nikavipanga juu ya ganda, nikamimina kastadi. Saa nzima ikapita haijaganda. Nikaongeza makaa. Nilipofungua, palikuwa na maji ya njano yanayoelea juu ya vitu kama maziwa yaliyokatika, na ladha ina uchungu kwa mbali. Wageni walikuwa wameshakaa. Mmoja alikula kwa kijiko, akaisifu kwamba ni supu nzuri.

Jibu nilikuwa nalo jikoni siku zote. Kila mpishi anajua kwamba nyama ngumu ukiisugua papai bichi inalainika. Papai bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, nanasi nalo lina cha kwake, na kinachoigandisha kastadi ni protini ya mayai. Kimeng'enya cha nanasi hufanya kazi kwa bidii zaidi kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60. Oveni ya umeme ingelivuka joto hilo upesi. Jiko langu la mkaa lilipanda pole pole kama mzee anayepanda kilima, likakipa kimeng'enya muda wote kilioutaka. Kwa hiyo nanasi lichemshwe kwanza na sukari hadi litokote vizuri, kisha lichujwe. Pasheni ni chachu, itayakata maziwa. Subiri pai ipoe ndipo uimwagie juu. Ndizi mbivu haina ugomvi na mayai ila hugeuka kahawia. Embe bivu ndilo linaloelewana na kila mtu.

Maembe ya siku ile niliyanunua Bunda. Nilikuwa natoka Mwanza Jumamosi, gari likasimama stendi, wauzaji wakazunguka madirishani. Nikanyoosha mkono kuminya embe moja, mama mwenye ndoo akanikata jicho: "Dada, bonyeza kwa macho, usibonyeze kwa kidole. Ukiondoka nani atanunua alama zako?" Nikanunua dodo 6 bila kuminya hata moja, na hakuna lililokuwa bovu. Tafuta embe lenye nyama nene isiyo na nyuzi, lililoiva lakini bado linakatika kwa kisu bila kupondeka. Yale ya kienyeji yenye nyuzi ni matamu kuliko dodo, nakubali, lakini yale ni ya kula umesimama uani, mkono ukichuruzika. Kwenye pai yatawaachia wageni kazi ya kuchokonoa meno.

Sasa ganda. Kwa bati la nchi 9 pima vikombe 1½ vya unga wa ngano, gramu 100 za majarini iliyo baridi, vijiko 2 vya chakula vya sukari, chumvi kidogo, na kiini cha yai 1. Ute wake uweke pembeni, tutauhitaji. Fikicha majarini kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka upate chenga, tia kiini, halafu maji baridi kijiko kimoja kimoja mpaka unga ushikane tu. Hapa ndipo mikono iliyozoea chapati inapoharibu. Chapati hutaka kukandwa hadi unga uvutike. Huu ukiukanda hivyo, ganda litajikunja jikoni na kuwa gumu kama bakuli. Ushikanishe, ufunike, uache nusu saa mahali pa baridi. Asiye na friji aweke bakuli la unga ndani ya beseni la maji ya mtungini, kivulini.

Usukume, utandaze kwenye bati hadi upande kingo, uutoboe toboe kwa uma. Weka karatasi juu yake na kikombe 1½ cha maharage makavu kuuzuia usivimbe. Uoke dakika 15, toa maharage, upake ute wa yai ndani kote, urudishe dakika nyingine 8 hadi chini pakauke. Ule ute huziba vitundu vya uma, kastadi isipite na kulilowesha ganda. Katika hatua hii makaa mengi yawe chini. Maharage yale hayaivi tena, yaweke kwenye kopo lake kwa pai nyingine, na uandike juu ya kopo. Kwangu yalishapikwa mara moja na shemeji. Yalichemka tangu saa nane mchana hadi taarifa ya habari ya usiku.

Neno moja kuhusu kastadi yenyewe. Wengi wetu tukisikia kastadi tunaona kopo la dukani lenye unga unaogeuka njano ukikutana na maziwa. Unga ule hauna yai. Ulibuniwa mwaka 1837 huko Birmingham na mkemia Alfred Bird, kwa sababu mkewe mayai yalikuwa yanamdhuru. Ni wanga wa mahindi, rangi na harufu. Siudharau, na mwenye mgonjwa wa aina hiyo nyumbani anafaa kumshukuru Bwana Bird. Ila kwa pai inayokatwa kwa kisu na kusimama sahanini, mimi nataka mayai.

Chukua maziwa nusu lita. Hapa mkoani Mara maziwa mabichi ya kwenye dumu tunayapata kirahisi, na ni mazito, lakini yachemshwe kwanza hata kama muuzaji ni mjomba wako, maana brusela na kifua kikuu hupita humo. Yakishachemka yaache yapoe hadi kidole kivumilie, ukitia humo hiliki 4 zilizotwangwa. Kwenye bakuli piga mayai 3, vijiko 5 vya chakula vya sukari na vijiko 2 vya kornflawa hadi madonge yaishe. Usipige kwa nguvu ya keki, hatutaki povu. Mimina maziwa taratibu huku ukikoroga, kisha chuja. Kuchuja si madoido: utashangaa maganda ya hiliki na nyuzi za ute vilivyobaki kwenye chujio.

Maembe mawili makubwa yamenye, yakate vipande vya unene wa kidole, yaache dakika 10 kwenye chujio maji yatoke, kisha yanyunyizie kijiko cha unga. Yapange ndani ya ganda, mimina kastadi hadi ibaki nusu nchi kufikia ukingo. Hamisha makaa: machache chini, mengi juu ya mfuniko. Funika na usifungue kwa dakika 25. Najua unatamani. Kila ukifungua, joto lote linaondoka na majivu ya mfunikoni yanaangukia kwenye pai, na majivu hayana ladha ya hiliki.

Kastadi huanza kuganda karibu nyuzi 70, na ikizidi sana hapo mayai hujikamua maji. Ndiyo maana hatungoji iwe ngumu. Baada ya dakika 35 hadi 45 shika bati kwa kitambaa ulitikise kidogo. Pembeni patulie, katikati patikisike kama uji uliopoa. Hapo itoe, hata kama roho inakuambia bado. Itaendelea kuiva yenyewe nje ya moto. Kisha iache saa 2 kabla ya kuikata. Wengi waliowahi kuniambia kwamba pai yao "haikuganda" waliikata ikiwa moto.

Ya siku ile niliitoa saa kumi na mbili asubuhi, ikapoa njiani. Niliifunga na bati lake ndani ya kanga, nikapanda gari la kwenda Butiama nikaiweka mapajani. Konda akauliza ni nini, nikamwambia ni mayai na maziwa. Akanisogeza kiti cha mbele, pasiporuka sana, akawaambia abiria wapya: "Huyo msimguse, kabeba mayai." Ufa mmoja tu ulitokea, na nikaufunika kwa pasheni.

Basi shangazi akauliza habari ya mboga. Nikamjibu: "Inaliwa na chai, shangazi." Akakata kipande chembamba kama anamkatia mtoto, akala kimya, akanywa chai. Akasema embe ni tamu, unga ni mzuri, ila sukari imezidi, na kwamba mayai hayo yote yangetosha kulea vifaranga. Kisha akasogeza sahani akasema upande ule mwingine hajauonja.

Sukari nimeshaipunguza. Zamani niliweka vijiko 7, na hivyo 5 nilivyokuandikia ndicho kipimo cha shangazi. Pai ikibaki, ifunike na uile siku hiyo hiyo, maana mayai na maziwa kwenye joto letu havilali salama nje ya friji. Butiama haikubaki.