Vita vya Crimea: Mhadhiri wa Historia Ajibu Maswali ya Wanafunzi

Vita ni vingi. Kwa nini tusome vya Crimea, 1853 hadi 1856?

Kwa sababu mashahidi wake ni wengi na hawakubaliani. Urusi ilipigana na Milki ya Osmani, Uingereza, Ufaransa na baadaye Sardinia. William Howard Russell alituma habari kwa gazeti la The Times, Roger Fenton akapiga picha mwaka 1855, na Tolstoy, ofisa wa mizinga, akaandika aliyoyaona Sevastopol.

Ni kweli vilianza kwa ugomvi wa makanisa?

Ugomvi ulikuwepo. Wakatoliki na Waorthodoksi waligombea mahali patakatifu pa Jerusalem na Bethlehem, Ufaransa ikiwaunga mkono Wakatoliki na Urusi Waorthodoksi. Lakini Tsar Nicholas I alidai zaidi: atambuliwe kuwa mlinzi wa raia wote Waorthodoksi wa Sultani. Ukiniandikia dini peke yake, au siasa peke yake, nitakurudishia kazi yako.

Mwaka wa kwanza tuanze na nini?

Mimi huanza na karatasi moja, ile amri ya Balaklava ya tarehe 25 Oktoba 1854. Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Uingereza, alikuwa juu kilimani. Akawaona Warusi kama wanaotaka kuondoa mizinga waliyoiteka kwenye ngome za Waturuki, akaagiza wapanda farasi wawahi kuwazuia. Amri ilitaja mizinga bila kusema ni ipi. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, alikuwa chini, na vilima vilimziba asiione. Alipomuuliza Kapteni Nolan, mjumbe aliyeileta amri, huyo alinyoosha mkono kuelekea bondeni kwa ukali. Kikosi chepesi, wapanda farasi zaidi ya 600, kikaingia bonde lenye mizinga ya Warusi mbele na ubavuni.

Nolan aliuawa mwanzoni kabisa. Raglan akamlaumu Lucan, naye Lucan akashikilia kwamba alitii amri. Sasa jiulizeni: habari ya ule mkono tunaitegemea kwa nani? Kwa kiasi kikubwa ni kwa Lucan, mwenye kesi ya kujibu. Hamwezi kuitupa, wala hamwezi kuimeza nzima. Hapo nawaacha mbishane hata kipindi kizima.

Tunahitaji Kirusi na Kituruki?

Kwa shahada ya kwanza, hapana. Kwa utafiti wa juu, lazima, maana vitabu vingi vya Kiingereza vimewaonea askari wa Sultani. Vinawasimulia wakikimbia Balaklava, na kupita haraka habari kwamba ngome ya kwanza ilipambana kwa zaidi ya saa moja na jeshi kubwa kuliko lao. Tena hawakuwa Waturuki peke yao. Misri na Tunisia zilipeleka majeshi, na Wamisri walipigana Eupatoria Februari 1855.

Na muuguzi Florence Nightingale?

Msomeni pamoja na takwimu zake za 1858. Maradhi yaliua Waingereza wengi kuliko risasi, na hospitali ya Scutari iliendelea kuzika watu wengi hata alipokwisha kufika. Vifo vilipungua sana baada ya tume ya usafi kusafisha mifereji ya maji machafu mwaka 1855. Kisha chukueni kitabu cha Mary Seacole, Mjamaika aliyewahudumia askari kule kule Crimea. Alikichapisha mwaka 1857, na wiki ijayo tutaanza nacho.